Jinsi ya kujenga taaluma katika sheria ya wakimbizi na haki za watoto: kutoka shahada ya kwanza hadi uhadhiri

Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Lilirudi kutoka kwa msimamizi likiwa na maneno mawili tu pembezoni mwa ukurasa wa kwanza: "Mtoto yupi?" Nilikuwa nimeandika "watoto wakimbizi" kana kwamba kichanga aliyezaliwa njiani, binti wa miaka 14 anayekimbia ndoa na kijana wa miaka 17 aliyetoroka kundi la waasi ni mtu mmoja. Ilinichukua miezi kupata jibu la kuandika, na kila nilichofanya baadaye katika kazi hii kimetokana na maneno yale mawili.

Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua, kwa kuwa njia yenyewe ina hatua. Baadhi ni fupi, nyingine zitakuchukua miaka, nami nimekaa zaidi pale ambapo nimeona wanafunzi wengi wakikwama.

Hatua ya 1: Fahamu kwa nini masomo haya mawili hayajazoeana

Sheria ya wakimbizi ilizaliwa bila kumfikiria mtoto. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kuwa ni mtu yeyote aliye nje ya nchi yake, mwenye hofu ya kweli ya kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii, au maoni yake ya kisiasa. Mtoto ni mtu, kwa hiyo yumo. Lakini vifungu vyenyewe vinamgusa kwa mbali tu: cha 4 kinapotaja elimu ya dini ya watoto, cha 22 kinapotaja shule za msingi. Mkutano uliopitisha mkataba ule ulitoa pia pendekezo kuhusu umoja wa familia na ulinzi wa watoto walio peke yao. Likabaki pendekezo, halikuwa kifungu.

Matokeo yake, kwa miongo mingi mtoto alishughulikiwa kama kiambatisho katika faili la mzazi. Mzazi akikubaliwa, mtoto amekubaliwa. Mzazi akikataliwa, mtoto naye amekataliwa, bila mtu kumuuliza kama ana hofu yake mwenyewe.

Haki za watoto zilipita njia nyingine. Zilianza na Azimio la Geneva la 1924, lililoandikwa na Eglantyne Jebb na kupitishwa na Shirikisho la Mataifa, zikafika kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Leo mkataba huo una nchi wanachama 196. Marekani ilitia saini lakini haijauridhia. Kifungu cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi waziwazi, na hakijali kama amekuja na wazazi au yuko peke yake. Weka pembeni yake kifungu cha 3 kuhusu maslahi bora ya mtoto na cha 12 kuhusu haki yake ya kusikilizwa.

Kisha soma Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa 1990 na kuanza kutumika 1999. Watu huupita haraka, na ni kosa. Mkataba wa 1989 unamhesabu mtu kuwa mtoto hadi miaka 18, ila pale ambapo sheria ya nchi inampa utu uzima mapema zaidi. Ule wa Afrika hauna mwanya huo: chini ya 18 ni mtoto, basi. Na kifungu chake cha 23 hakiishii kwa mtoto aliyevuka mpaka. Kinamfikia pia aliyehamishwa ndani ya nchi yake mwenyewe, iwe kwa vita, kwa majanga ya asili au kwa kuvunjika kwa utaratibu wa uchumi na jamii. Ukiusoma sambamba na Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, ambao ulipanua maana ya mkimbizi ili imfikie anayekimbia uvamizi wa nje, ukaliaji wa kimabavu au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, utaona maswali ya tasnifu yakijitokeza yenyewe.

Kazi ya msomi wa eneo hili iko kwenye mshono wa nguo hizo mbili. Mtaalamu wa wakimbizi anajua mtu anastahili hifadhi wakati gani, ila mara nyingi hajui mtoto anakuaje, anakumbukaje, anaogopaje. Mtaalamu wa haki za watoto anajua maslahi bora, ila akiletewa kipengele cha "kundi fulani la kijamii" anababaika. Anayezijua sheria zote mbili kwa undani bado ni mtu adimu, na hapo ndipo penye nafasi yako.

Hatua ya 2: Chagua vizuri masomo ya shahada ya kwanza

Kama bado uko chuoni, usihangaike kutafuta kozi yenye neno "wakimbizi". Tafuta misingi: sheria ya kimataifa, haki za binadamu, sheria ya familia, sheria ya ushahidi, na juu ya zote sheria ya utawala. Hii ya mwisho hupuuzwa sana. Maombi mengi ya hifadhi huamuliwa kwanza na ofisa, si na jaji. Maswali ya nani anaamua, lazima atoe sababu gani, na uamuzi wake unapingwaje na ndani ya siku ngapi ni maswali ya sheria ya utawala, na mara nyingi maisha ya mtoto yananing'inia juu ya hayo kuliko juu ya vifungu vya mikataba.

Kama umesoma ustawi wa jamii, saikolojia, elimu au sosholojia, mlango haujafungwa. Utalazimika kujifunza kusoma sheria, lakini unaingia na ujuzi ambao wanasheria wengi hawana.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma hukumu, si mikataba peke yake

Wengi humaliza shahada wakijua vifungu kwa moyo na hawajawahi kusoma hukumu moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Anza leo. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lina hifadhi ya mtandaoni iitwayo Refworld, yenye sheria za nchi, hukumu na miongozo, na haitozi chochote. Ningekushauri uanze na mashauri manne haya, na uyasome mawili mawili.

La kwanza ni la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, lililoamuliwa 2006 dhidi ya Ubelgiji. Binti wa miaka mitano kutoka Kongo alikuwa safarini kwenda kwa mama yake, ambaye alishapewa hadhi ya ukimbizi Kanada. Alizuiwa kwa takriban miezi miwili katika kituo cha watu wazima, kisha akarudishwa peke yake. Mahakama iliona kuwa haki zake zilivunjwa, ikiwemo haki ya kutotendewa kinyama, na ikasema mama naye ameumizwa. Soma jinsi majaji walivyoupima udhaifu wa mtoto dhidi ya nguvu ya dola ya kudhibiti mipaka.

La pili ni la Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, namba C-550/16, la mwezi Aprili 2018. Binti wa Eritrea aliomba hifadhi Uholanzi akiwa na miaka 17. Akatimiza 18 wakati ombi lake bado linashughulikiwa. Alipotaka kuunganishwa na wazazi wake akaambiwa yeye si mtoto tena. Mahakama ikaamua kwamba umri unaohesabika ni ule wa siku alipoomba hifadhi, kwa sababu haki ya mtoto haiwezi kutegemea kasi au uvivu wa ofisi. Wa shauri la kwanza alitendewa kama asiye mtoto akiwa na miaka mitano. Wa pili aliambiwa ameacha kuwa mtoto kwa kusubiri. Yaweke hayo mawili pamoja, utaelewa kwa nini swali la umri halijaisha.

Jozi nyingine inatoka kwenye uzio mmoja, wa Melilla, kati ya Hispania na Moroko, na mwaka mmoja, 2014. Katika shauri la D.D. dhidi ya Hispania, kijana wa Mali aliyekuwa peke yake alikabidhiwa mara moja kwa askari wa Moroko bila kuulizwa jina wala umri. Kamati ya Haki za Mtoto, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachosimamia Mkataba wa Haki za Mtoto, ilisema mwaka 2019 kwamba Hispania imeuvunja mkataba huo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika shauri la N.D. na N.T. dhidi ya Hispania, iliwaangalia watu wazima wawili waliorudishwa papo hapo kwenye uzio uleule, na haikuona uvunjaji wa haki. Je, tofauti ni umri tu? Ni chombo kilichosikiliza? Ni namna kila upande ulivyojenga hoja? Nimefundisha jozi hii mara nyingi na bado wanafunzi huniletea jibu ambalo sikuwahi kulifikiria.

Kwa kila hukumu unayosoma, andika ukurasa mmoja usiozidi: nini kilitokea, nani aliulizwa na nani hakuulizwa, sheria ipi ilitumika na ipi ilikuwepo ikaachwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachokulea. Makala nyingi nzuri zimeanza kwa mtu kugundua kwamba mahakama iliamua hatima ya mtoto bila kuugusa Mkataba wa Haki za Mtoto hata kwa sentensi moja.

Hatua ya 4: Uzamili

Vyuo ni vingi, nami nitataja vichache vyenye sura tofauti ili uone upana wa uchaguzi. Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kina shahada ya uzamili ya sheria mahususi kwa haki za watoto za kimataifa. Chuo Kikuu cha Oxford kina Kituo cha Masomo ya Wakimbizi, kilichoanzishwa na Barbara Harrell-Bond mwaka 1982. Uzamili wake unachanganya sheria, historia, siasa na anthropolojia. Chuo Kikuu cha London kina uzamili wa ulinzi wa wakimbizi unaosomwa kwa masafa, jambo linalomfaa mtu mwenye ajira au familia. Chuo Kikuu cha Marekani mjini Cairo kina kituo cha uhamaji na wakimbizi. Chuo Kikuu cha Pretoria, kupitia Kituo chake cha Haki za Binadamu, kina uzamili maarufu wa haki za binadamu barani Afrika, na ni mahali pazuri kwa anayetaka kuufahamu kwa undani mfumo wa Umoja wa Afrika.

Jina la chuo lina uzito, lakini mwalimu ana uzito zaidi. Kabla ya kuomba, soma makala mbili tatu za wahadhiri wa idara ile na uone kama kuna anayefikiri kuhusu mambo yanayokusumbua. Kama yupo, mwandikie barua pepe fupi yenye swali moja la kweli kuhusu kazi yake. Barua ndefu ya kujisifu haijibiwi.

Kuhusu fedha, angalia mapema ufadhili wa Chevening (wa Uingereza), Jumuiya ya Madola, DAAD (wa Ujerumani) na Erasmus Mundus (wa Umoja wa Ulaya), na kumbuka kwamba maombi hufungwa miezi mingi kabla masomo hayajaanza. Kama wewe mwenyewe ni mkimbizi, mpango wa DAFI wa UNHCR, ulioanza 1992, hulipia shahada ya kwanza. Eneo hili linawahitaji sana wasomi walioishi ukimbizi, si kama watu wa kusimulia yaliyowapata, bali kama waandishi wa nadharia. Kwa muda mrefu wamekuwa mada ya utafiti wa wengine.

Hatua ya 5: Fanya kazi ya mikono kabla ya uzamivu

Hapa nina msimamo mkali. Usiende moja kwa moja kwenye uzamivu bila kukaa walau mwaka mmoja karibu na mafaili ya kweli. Kliniki ya sheria ya chuo, shirika la msaada wa kisheria, ofisi inayoshughulikia maombi ya hifadhi, au kituo cha ulinzi wa watoto, popote patakufaa. Makerere, kwa mfano, kuna Refugee Law Project, mradi wa tangu 1999 chini ya Shule ya Sheria, ambao unatoa msaada wa kisheria na kufanya utafiti chini ya paa moja.

Kazini ndiko utakapojua mambo yasiyoandikwa vitabuni. Utaona mahojiano ya mtoto wa miaka tisa yakifanywa kwa fomu ya mtu mzima. Utaona mlezi wa muda anayesaini karatasi asizozielewa. Na kama unazungumza Kiswahili, utaona jambo ambalo wasomi wengi hawalioni kabisa: tafsiri.

Fikiria neno "mtoto" lenyewe. Mama wa miaka sitini akisema "nimekuja na watoto wangu", huenda mdogo wao ana miaka thelathini. Kijana akisema "baba aliuawa", huenda anamzungumzia baba mkubwa aliyemlea. Mahojiano ya pili akisema "baba yuko hai", naye anamaanisha aliyemzaa, ofisa asiyejua huandika kuwa maelezo yanapingana. "Ndugu yangu" anaweza kuwa wa tumbo moja, binamu, au jirani waliyekimbia pamoja. Ombi la kuunganishwa na familia linaweza kuanguka kwa neno moja kama hilo. Anayeijua lugha hii kwa ndani ana utafiti mzima mikononi mwake, ambao mtu wa nje angehitaji miaka kuukaribia.

Jiwekee mipaka pia. Faili la mteja si data yako. Usinakili, usipige picha, usiandike jina kwenye daftari la nyumbani ukitumaini litakufaa kwenye tasnifu. Ukitaka kutafiti mahali ulipofanya kazi, omba upya, kwa barua, ukiwa na kibali cha maadili.

Hatua ya 6: Lijibu swali la "mtoto yupi?"

Mada pana haiandikiki. "Haki za watoto wakimbizi barani Afrika" ni maktaba, si tasnifu. Nitakupa mifano mitatu ya namna ya kubana.

Upimaji wa umri. Nchi nyingi, zikimtilia shaka kijana asiye na cheti cha kuzaliwa, humpiga picha ya mifupa ya mkono na kuilinganisha na atlasi ya Greulich na Pyle, iliyochapishwa upya 1959. Picha zilizomo zilitokana na watoto wa Cleveland, Marekani, wa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, na atlasi yenyewe ilikusudiwa kupima ukuaji, haikukusudiwa kupima umri wa mtu asiyejulikana. Je, sheria inaruhusu kiasi gani cha shaka kabla mtu hajavuliwa utoto wake? Nani anabeba mzigo wa kuthibitisha? Kamati ya Haki za Mtoto imetoa maamuzi mengi dhidi ya Hispania kuhusu jambo hili, na ukiyasoma kwa mfuatano utaona hoja yake ikikomaa.

Mateso ya kitoto. Mwongozo wa UNHCR namba 8 wa 2009 unaeleza kwamba kuna mateso yanayowapata watoto hasa, kama kuandikishwa vitani wakiwa wadogo, ndoa za utotoni, ukeketaji na biashara ya watoto. Unaeleza pia kwamba jambo linaloweza kuwa usumbufu tu kwa mtu mzima laweza kuwa mateso kwa mtoto. Uamuzi wa Kasinga wa 1996, uliomhusu binti wa Togo aliyewasili Marekani akiwa na miaka 17 akikimbia ukeketaji, ulifungua njia kubwa. Lakini utoto wenyewe ni "kundi la kijamii"? Mtoto hubaki mtoto kwa muda tu. Tabia inayopita yaweza kuwa msingi wa hifadhi ya kudumu? Swali moja hilo linatosha uzamivu.

Mtoto anayetakiwa kurudi. Maoni ya Jumla namba 6 ya Kamati ya Haki za Mtoto, ya 2005, yanasema mtoto aliye peke yake asirudishwe ikiwa kurudi hakuendani na maslahi yake bora. Hapo maslahi bora yanasimama kama kinga inayojitegemea, hata kwa mtoto asiyetimiza vigezo vya ukimbizi. Ni nchi ngapi zinaitekeleza hivyo? Chagua moja, uchimbe.

Utajua umebana vya kutosha ukiweza kumweleza jirani yako utafiti wako kwa sentensi mbili, naye akauliza: "Sasa huyo mtoto anafanyaje?"

Hatua ya 7: Uzamivu na maadili yake

Andika pendekezo fupi: swali, kwa nini halijajibiwa, sheria utakazozichambua, njia, mpangilio wa muda. Onyesha kwamba umewasoma waliotangulia pande zote mbili za mshono. Mtahini wa sheria ya wakimbizi na yule wa haki za watoto wote watakuwepo siku ya utetezi, na kila mmoja atakuuliza kuhusu nyumba ya mwenzake.

Tasnifu ya sheria yaweza kuandikwa yote maktabani, na hakuna aibu katika hilo. Swali gumu linakuja ukitaka kuzungumza na watoto wenyewe. Jiulize kwanza: jibu ninalolitafuta haliwezi kupatikana kwa mtu mzima, kwenye maamuzi yaliyochapishwa, au kwenye mahojiano yaliyokwisha kufanywa? Mtoto mkimbizi huwa ameshasimulia habari yake mpakani, kambini, kwa ofisa, kwa daktari. Kila simulizi mpya ina gharama, na anayeilipa si wewe.

Ukiona ni lazima, ridhaa ya mlezi peke yake haitoshi. Mtoto mwenyewe akubali, kwa lugha anayoielewa, na akubali tena kila siku mnapokutana. Aweze kukataa bila kueleza sababu. Kwa aliye peke yake, mtafute mlezi aliyeteuliwa kisheria, si mtu yeyote aliye jirani. Eleza waziwazi, na urudie, kwamba kuzungumza nawe hakutaharakisha ombi lake wala kulichelewesha. Watoto wengi huamini kila mtu mwenye daftari ana mamlaka. Panga mapema utafanya nini akikueleza kwamba anaumizwa sasa hivi: nani utamwambia, na mtoto ajue tangu mwanzo kwamba siri ya namna hiyo hutaweza kuitunza peke yako. Badilisha majina, na pia badilisha vile vitu vidogo vinavyomtambulisha mtu, kama kijiji, kovu au idadi ya ndugu. Katika jamii ndogo ya wakimbizi, mtoto mwenye ndugu saba aliyepita njia fulani anajulikana hata bila jina.

Msimamizi achunguzwe kama unavyochunguza nyumba ya kupanga. Waulize wanafunzi wake wa zamani: husoma rasimu kwa muda gani? Huweka jina lake kwenye kazi asiyoiandika? Wamemaliza wangapi? Msimamizi mwenye jina kubwa asiyesoma ni mzigo.

Hatua ya 8: Chapisha, taratibu

Anza na kidogo. Uchambuzi wa hukumu mpya wa kurasa tano sita, au mapitio ya kitabu, hukufundisha nidhamu ya uhariri na kukufahamisha kwa wahariri. Baada ya hapo lenga majarida: International Journal of Refugee Law, lililoanza 1989, Journal of Refugee Studies, International Journal of Children's Rights, na Refuge la Kanada, ambalo lolote linalochapishwa humo husomwa bure. Angalia pia majarida ya haki za binadamu ya Afrika, ambako hoja kuhusu Mkataba wa Afrika hupata wasomaji wanaozifahamu.

Makala ikikataliwa, soma maoni ya wapitiaji, lala nayo siku mbili, kisha rekebisha. Na jihadhari na majarida yanayokuandikia wewe kwanza, yakikusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa ada. Kazi iliyofukiwa humo ni vigumu kuifufua.

Andika na Kiswahili pia. Maneno ya fani hii bado yanatafuta makazi katika lugha yetu. Tunasema "mwomba hifadhi" na "asiye na utaifa", lakini kanuni ya kutomrudisha mtu kwenye hatari kila mwandishi anaiita kivyake. Atakayeyatumia maneno kwa uangalifu na kwa kurudiarudia atawasaidia wakalimani, maofisa na walimu wengi asiowajua.

Hatua ya 9: Kupata nafasi, na kuifanya iwe na maana

Baada ya uzamivu nafasi huja kwa vipande: utafiti wa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, ufundishaji wa muda, kisha uhadhiri. Jiandae kufundisha masomo mapana, kwa kuwa vyuo vichache huajiri mtu wa sheria ya wakimbizi peke yake. Anayeweza kufundisha pia sheria ya utawala au sheria ya familia huajiriwa mapema. Huo ndio msaada wa pili wa misingi ile ya hatua ya pili.

Tumia milango ambayo wasomi huisahau. Kamati ya Haki za Mtoto, yenye wajumbe 18, hupokea taarifa kutoka nje ya serikali nchi inapokaguliwa, na huomba maoni ya umma inapoandaa Maoni ya Jumla. Itifaki ya malalamiko, iliyoanza kutumika 2014, inaruhusu mtoto au mwakilishi wake kupeleka shauri kama nchi inayolalamikiwa imeiridhia. Kamati ya Wataalamu wa Afrika, inayosimamia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, nayo hupokea malalamiko. La kwanza kuamuliwa, mwaka 2011, lilihusu watoto wenye asili ya Kinubi nchini Kenya walionyimwa usajili wa kuzaliwa na utaifa, na lilipelekwa na mashirika ya kisheria kwa niaba yao. Hoja za namna hiyo haziandikwi na mawakili peke yao. Nyuma yake huwa kuna mtu aliyekaa miaka na swali moja.

Utakapoanza kufundisha, jaribu zoezi hili katika wiki ya kwanza. Chukua uamuzi mmoja wa hifadhi unaohusu familia yenye watoto, wowote ule uliochapishwa. Mpe kila mwanafunzi nakala na kalamu ya rangi, umwambie apigie mstari kila sentensi inayozungumzia kilichompata mtoto mwenyewe, si wazazi wake, kisha ahesabu. Usitoe maelezo mengine. Mara ya kwanza nilipolifanya darasani, binti aliyekaa mstari wa mbele alirudisha karatasi yake ikiwa nyeupe, bila mstari hata mmoja, akaniuliza kama amepewa nakala yenye kurasa pungufu.